Mafunzo ya soka ya wasichana: tathmini ya mzazi baada ya msimu mmoja

Binti yangu mwenye umri wa miaka 13 amemaliza msimu wake wa kwanza katika mafunzo ya soka ya wasichana yanayotolewa kila Jumamosi asubuhi mtaani kwetu, Dar es Salaam. Ufundi wanafundishwa vizuri, lakini kilichonifanya nilipie msimu wa pili bila kusita ni namna makocha wanavyowalea katika uungwana wa mchezo.

Katika mechi zao za ndani, timu zinapolingana kwa pointi na mabao huangaliwa kadi, kwa hesabu ile ile iliyotumika katika makundi ya Kombe la Dunia la Wanawake: kadi ya njano hupunguza pointi 1, nyekundu itokanayo na njano mbili hupunguza 3, na nyekundu ya moja kwa moja hupunguza 4. Kujiangusha ili kumhadaa mwamuzi, ambako Sheria ya 12 ya soka inakuadhibu kwa kadi ya njano, hakuvumiliwi hata mazoezini. Jumamosi moja kipyenga kilikwisha kulia kuashiria penalti, mshambuliaji akainuka, akajipangusa vumbi na kumweleza mwamuzi kwamba alijikwaa mwenyewe, ilhali timu yake ilikuwa nyuma kwa bao moja. Hakuna mwenzake aliyemnunia. Hilo ndilo lililonigusa zaidi, kwa sababu mtoto mmoja huweza kusema kweli kwa malezi ya nyumbani kwao, lakini timu nzima kuikubali hasara hiyo ni kazi ya kocha.

Kasoro kubwa ni waamuzi. Mabinti hufundishwa kwamba nahodha peke yake ndiye anayezungumza na mwamuzi, nao hutii. Hata hivyo, anayepuliza kipyenga mara nyingi ni kocha wa mojawapo ya timu zilizo uwanjani, na watoto wanaliona hilo. Sisi wazazi nasi tunawaharibia kwa kupiga kelele kila faulo inapotolewa, na sijamwona mhusika yeyote akitunyamazisha.

Nimewaomba waandaaji walete mwamuzi wa nje, ikiwezekana mwanamke. Mwamuzi wa Kitanzania Jonesia Rukyaa amewahi kuchezesha mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga, na ningependa mabinti hawa wazoee kumwona mwanamke mwenye mamlaka hayo uwanjani wangali wadogo. Wameahidi kulifanyia kazi kabla ya msimu ujao.