Pertronix Ignitor katika Volkswagen Beetle: platini imestaafu, ila sijaitupa

Moduli ya Pertronix Ignitor, kifaa cha kielektroniki kinachochukua nafasi ya platini, huuzwa kwa wenye magari ya zamani kama njia ya kuachana na filageji (kipimo cha mwanya wa platini) na msasa wa kuisafishia, na baada ya kuifunga katika Volkswagen Beetle yangu yenye injini ya 1300, naona dai hilo ni la kweli kwa sehemu kubwa.

Platini ni swichi inayofunguliwa na kemu ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda, ili kukata umeme wa koili na cheche itoke. Kisigino chake kinapolika, mwanya wa milimita 0.4 hupungua na cheche huchelewa, huku nyuso zake zikiungua kidogo kidogo, ndiyo maana gari lililowaka vizuri mwezi uliopita huanza kusumbua asubuhi. Ignitor huondoa mgusano huo kabisa: pete yenye sumaku nne, moja kwa kila silinda, huvikwa kwenye kemu, na kihisi kilicho pembeni hutambua kila sumaku inayopita, kisha transista hukata umeme wa koili. Vyote hukaa chini ya kifuniko kilekile, na kinachoonekana nje ni nyaya mbili tu, nyekundu ya chanya ya koili na nyeusi ya hasi.

Kuifunga hakukunichukua hata saa moja, ingawa taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, ilibidi niipange upya kwa taa ya taimingi, na hatua hiyo haifai kurukwa. Sasa gari huwaka mara moja, na likinguruma bila kukanyagwa mafuta halitetemeki. Nguvu ya kupanda mlima haikuongezeka, wala sikuitarajia, kwa kuwa koili na plagi ni zilezile.

Ninachokilalamikia ni udhaifu wake mbele ya makosa madogo. Kwa silinda nne inahitaji koili yenye ukinzani usiopungua omu 3, hivyo pima kwanza. Ukibadilishana nyaya umeiua. Na ukiacha swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa huku injini imezima, inaweza kuungua, jambo lisilo dogo kwa sisi tunaopenda kusikiliza redio tukiwa tumeegesha. Tena platini huaga taratibu, ilhali moduli hufa ghafla na hakuna msasa utakaoifufua kando ya barabara. Kabla ya kuagiza, soma namba ya distribyuta yako, kwani moduli hutofautiana. Platini yangu ya zamani, pamoja na kondensa na bisibisi, nimeifunga kwenye kitambaa na kuiweka chini ya kiti cha dereva.