Leba au CTC: muuguzi wa Mwanza atulie wapi?

Wadogo zetu wanaotoka chuoni huniuliza waombe kupangiwa wapi. Nimefanya kazi pande zote mbili hapa Mwanza, leba na CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu kwa wanaoishi na VVU, na jibu si jepesi.

Leba inakula mwili. Usiku mko wakunga wawili, kina mama saba, na kila mmoja mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa, patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu, ijazwe. Mtoto akitoka, mama apewe oksitosini uniti 10, dawa ya kuzuia kuvuja damu, ndani ya dakika moja, huku kitanda cha pili kinaita, "Sista, anakuja!" Wengi huomba kuhama kwa hayo: mgongo, usingizi, na hofu ya kulaumiwa mama akivuja damu. Lakini alfajiri moja bibi aliyetoka Ukerewe alinishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akasema, "Asante, mayu," yaani mama. Furaha ile sijaipata kwingine.

CTC ni Jumatatu hadi Ijumaa, jioni uko na wanao. Mgonjwa unamfahamu miaka. Anayeendelea vizuri huchukua dawa za miezi mitatu au sita. Huko kinachowaondoa watu ni mkataba kuliko uchovu. Nafasi nyingi hulipwa na miradi ya wafadhili, na Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, wenzetu wa mikataba walibaki hawajui kesho yao.

Mimi ningechagua leba, mradi zamu iwe na wakunga wanne. Mkiwa wawili, na una ajira ya serikali, nenda CTC.