Teshima: Kiingilio cha Kutazama Maji

Nianze na hesabu ya kuingia Makumbusho ya Sanaa ya Teshima, kule Japani, maana mume wangu ndiye aliyeanza nayo. Yeni 1,570 kila mmoja (bei ya 2023), nauli ya boti juu yake, baiskeli za kukodi juu yake tena, na ndani hamna picha hata moja. "Tumelipa kutazama maji?" akaniuliza, na lile kuba likaikuza sauti yake mpaka watu wakageuka. Bahati nzuri hakuna aliyejua Kiswahili.

Ndiyo, tumelipa kutazama maji. Na nikipata nauli ya kurudi Japani nitalipa tena.

Makumbusho ya Sanaa ya Teshima yako kisiwani Teshima, katika Bahari ya Ndani ya Seto. Mwaka 2023 nilikuwa nasoma Okayama, kwa hiyo tulipanda treni mpaka bandari ya Uno, kisha boti mpaka Ieura, bandari ya Teshima. Tiketi hukatwa mapema mtandaoni kwa saa maalumu, msiende kichwakichwa. Baiskeli yangu ya umeme (duka silitaji) ilikata pumzi katikati ya kilima nikaisukuma huku natukana kimoyomoyo. Lakini ukivuka kile kilima, bahari inakufungukia mbele, na majaruba ya mpunga yanashuka ngazi kwa ngazi kuielekea. Hasira zikaisha.

Baba yangu ni fundi mwashi Tanga, basi jengo nililikagua kama mtoto wa fundi. Alilisanifu Ryue Nishizawa, likafunguliwa 2010. Mita 60 kwa 40, na kwenye kimo chake cha juu kabisa halifiki mita 5. Nguzo, hakuna. Walirundika kilima cha udongo, wakakisawazisha kwa umbo walilolitaka, wakamwaga zege juu, likashika. Kisha wakauchimba udongo wote ukatoka, likabaki ganda. Nilimpigia baba kumhadithia. Akanyamaza kidogo, halafu: "Nondo walizipanga vipi?"

Mlangoni unavua viatu, unapewa ndara laini, na simu inabaki mfukoni kwa kuwa picha ni marufuku. Paa lina matundu mawili makubwa yasiyo na kioo. Upepo, mvua, majani makavu na wadudu vyote vinaingia vipendavyo.

Sasa maji. Sakafuni kuna vitobo vidogo mno, na tone huchomoza hapo kama jasho kwenye pua. Sakafu hailinywi, linakaa duara kama maji juu ya jani la gimbi. Mara mteremko usiouona unalivuta, linachomoka mbio, linasita, linakutana na mwenzake, wanakuwa mmoja, wanakimbia tena mpaka kwenye kidimbwi. Nilikaa kitako nikachagua tone langu. Nilipoinua macho mume wangu alikuwa amelala kifudifudi, anahimiza la kwake kama yuko kwenye mashindano ya ngalawa.

Hii ni kazi ya Rei Naito, mzaliwa wa Hiroshima, 1961, na kazi yenyewe inaitwa Bokei, yaani "Matrix" kwa Kiingereza. Naito ni msanii wa vitu vidogo: uzi, shanga, tone. Mwaka 1997, kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, aliingiza watazamaji mmoja mmoja. Kisiwani Naoshima ana nyumba unayokaa peke yako dakika 15. Hapa ameruhusu kundi, lakini kila mtu huishia kuwa na tone lake. Kwenye tundu la paa ametundika uzi mwembamba ambao sikuuona mpaka upepo ulipopita.

Siku moja kabla tulikuwa Naoshima, tumepanga foleni kupiga picha na boga la njano, sanamu ya msanii Yayoi Kusama, lile ambalo kimbunga kililing'oa 2021 likarudishwa mwaka uliofuata. Boga nalipenda, na picha yangu nalo bado iko WhatsApp. Lakini tulimaliza naye Kusama kwa sekunde kumi, zamu ya wengine ikafika.

Jambo jingine nililijua baadaye, na limenibadilishia kumbukumbu. Teshima kwa miaka mingi ilimwagiwa taka za viwandani kinyume cha sheria. Wenyeji walipambana mpaka wakapata mapatano mwaka 2000, na zikaondolewa tani kama 900,000, kazi iliyofika hadi 2017. Kwa hiyo maji safi yanayochuruzika hapo yanatoka katika ardhi iliyogombaniwa.

Tahadhari: vaeni soksi mnazoweza kuzivua, mimi nilikanyaga tone mshindani nikalowa. Wenye watoto wadogo, wafundeni kabla, kuba lile halifichi siri. Na boti ya mwisho mwijue saa yake.

Tone la mume wangu lilifika kwanza. Langu lilisita njiani, kama ile baiskeli.