Uzoefu wangu: wikendi ya gofu dhidi ya watani wetu wa jadi

Kama klabu yako ina jirani ambaye hamkubali kushindwa naye, na mtu akaleta wazo la kukutana kwa wikendi nzima, likubalini. Ila kabla ya kuandikisha jina, muulize mwandalizi kama kutakuwa na fosomu, yaani mchezo wa wawili kupiga mpira mmoja kwa zamu. Nimetoka kucheza wikendi ya aina hiyo, na bila fosomu ingekuwa mashindano mazuri ya kawaida tu.

Mpangilio ulikuwa hivi: wachezaji 12 kila upande. Jumamosi asubuhi fosomu, mechi sita. Mchana foboli (wawili kwa wawili, kila mtu na mpira wake), mechi sita. Jumapili mmoja kwa mmoja, mechi 12. Jumla pointi 24, sare ni nusu pointi, kwa hiyo klabu inayotaka kombe sharti ifikishe 12.5. Ni ule ule mfumo wa Ryder Cup, mashindano ya Ulaya na Marekani, ambako pointi 28 hugombewa kwa siku tatu, ila umepunguzwa utoshee watu wanaorudi kazini Jumatatu. Jumamosi tulicheza uwanjani kwao, Jumapili wakaja kwetu, na hilo liliondoa mapema manung'uniko ya nani anazijua grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) na nani hazijui.

Kila kitu kilichezwa shimo kwa shimo. Anayetumia mikwaju tisa kwenye shimo moja amepoteza shimo hilo tu, basi, anaanza upya linalofuata. Ndiyo maana wikendi hii inamfaa hata mwenye handikepu (mikwaju anayopunguziwa mchezaji ili mechi iwe sawa) ya 24 au zaidi. Kwenye hesabu ya mikwaju yote, shimo moja baya linaweza kuharibu kadi nzima, lakini hapa linagharimu shimo moja.

Sasa fosomu yenyewe. Wawili mna mpira mmoja na mnaupiga kwa zamu mpaka uingie. Mmoja anaanzisha mashimo yote ya namba witiri, mwenzake ya namba shufwa. Mkwaju wa adhabu haubadilishi zamu. Ikibidi kupiga mpira wa akiba kwa sababu ule wa kwanza huenda umepotea, anayeupiga ni mwenzako. Ukiupeleka mpira vichakani, si wewe utakayeutoa. Hapo ndipo mtu anapoanza kuufikiria mkwaju kwa namna ambayo hakuwahi kuufikiria: si tu utafika wapi, bali nitamwachia mwenzangu nini. Mimi hupenda kuukaribia mpira kwenye grini kwa fimbo za masafa mafupi. Mwenzangu anataka apewe mita 120 na chuma (fimbo ya kichwa cha chuma) kimoja anachokiamini. Kwa hiyo kwenye shimo refu niliuweka mpira nyuma kidogo kwa makusudi, mkwaju ambao nikicheza peke yangu nisingeufikiria kabisa.

Nahodha alinipanga na dada mmoja ambaye siku zote tulikuwa tunasalimiana tu kwenye maegesho ya magari. Kabla ya kuanza tuliiangalia kadi pamoja. Mashimo mafupi, yale ya mikwaju mitatu, mengi yalikuwa ya namba shufwa, na yeye ana chuma kizuri kuliko mimi, kwa hiyo akachukua shufwa. Kisha tukazungumzia mpira. Yeye anapenda mpira laini, mimi mgumu. Tukakubaliana kila shimo tuanze na mpira anaoupenda yule atakayepiga mkwaju wa pili, maana kanuni zinaruhusu kubadilisha mpira kabla ya kuanza shimo jipya. Na tukakubaliana hakuna kuombana radhi. Hilo la mwisho ndilo lililotufaa zaidi. Mtu anayeomba radhi kila mara anamfanya mwenzake aanze kumtuliza badala ya kuangalia mkwaju unaofuata.

Tulishinda 3 na 2, yaani tulikuwa mbele kwa mashimo matatu yakiwa yamebaki mawili. Wapinzani wetu walikuwa wapigaji bora kuliko sisi, nasema hivyo bila kusita. Ila walikuwa wakicheza kama watu wawili tofauti walioazimana mpira.

Nafahamu manahodha wengi wanataka kuiondoa fosomu. Hoja yao ni kwamba mtu aliyesafiri hadi uwanja mwingine anataka kupiga mikwaju mingi, na fosomu inampa nusu tu. Siikubali hoja hiyo. Mikwaju mingi unayo kila Jumamosi nyumbani. Wikendi ya klabu kwa klabu ni nafasi adimu ya kumjua mwanachama mwenzako kwa namna nyingine, na pia fosomu ndiyo inayokwenda haraka kuliko zote, kwa sababu mwenzako anatangulia mbele kusubiri mpira wakati wewe uko kwenye tii, pale shimo linapoanzia. Mechi zote za asubuhi ziliisha mapema, watu wakapumzika vizuri kabla ya duru ya pili.

Foboli ndiyo iliyotuchosha. Mipira minne, kila mtu na wake, na shimo linahesabiwa kwa matokeo bora ya kila upande. Ni mchezo wa raha na unaruhusu mtu kujaribu mkwaju wa kuthubutu wakati mwenzake yuko salama. Lakini mipira minne ina maana watu wanne wanapima mstari wa grini, na kanuni inaruhusu dakika tatu za kutafuta kila mpira uliopotea. Waandalizi wangetangaza tangu mwanzo kwamba mtu ambaye hawezi tena kuusaidia upande wake kwenye shimo aokote mpira wake. Vilevile wengi hawakujua kwamba katika mchezo wa shimo kwa shimo ukipiga nje ya zamu mpinzani anaweza kuufuta mkwaju wako, kwa hiyo wakawa waoga na kusubiriana hata pasipo na haja. Kanuni hiyo hiyo inawaruhusu kukubaliana mapema aliye tayari apige, ili kuokoa muda. Sentensi moja kwenye tii ya kwanza ingetuondolea foleni yote ile.

Jambo lililoniudhi kweli ni handikepu. Orodha iliyobandikwa asubuhi ya kwanza ilionyesha fahirisi ya kila mchezaji, yaani kipimo cha jumla cha uwezo wake, si handikepu yake ya uwanja ule. Tangu mfumo wa dunia wa handikepu uanze 2020, namba hizo mbili si kitu kimoja. Fahirisi inatokana na wastani wa matokeo 8 bora kati ya 20 ya karibuni, na uwanja wenyewe una kiwango cha slopu, kipimo cha ugumu wake, cha kawaida kikiwa 113. Mwenye fahirisi ya 16 akienda kwenye uwanja wa slopu 135, kwa hesabu ya slopu peke yake anakuwa na handikepu ya 19. Mikwaju mitatu hiyo, na kwenye mechi ya shimo kwa shimo mitatu ni mingi. Kuna waliofika tii bila kujua nani anampa nani mikwaju, na kutaja handikepu iliyo juu kuliko stahili yako kunaweza kukutoa kwenye mechi. Kisha kila aina ya mchezo ina asilimia yake inayopendekezwa: nusu ya handikepu za wawili kwenye fosomu, asilimia 90 kwenye foboli, handikepu kamili kwenye mmoja kwa mmoja. Haya yote yalipaswa kukokotolewa usiku uliotangulia na kuchapishwa kwenye kadi, pamoja na alama kwenye mashimo ambayo mtu anapata mkwaju. Jumapili wenzetu wa kamati walifanya hivyo hivyo, na hakuna aliyebishana.

Kuhusu kuachiana mipira ya karibu na shimo, yaani kuihesabu imeingia bila kupigwa. Kanuni iko wazi kwamba ukishaachiwa huwezi kukataa, na aliyekuachia hawezi kubadili mawazo. Lakini lini uachie, hilo ni la moyo wa mtu. Kila mchezaji gofu anaujua mfano wa 1969 kule Royal Birkdale, Mmarekani Jack Nicklaus alipomwachia Mwingereza Tony Jacklin mpira wa mwisho na Ryder Cup ikaisha 16 kwa 16, sare ya kwanza katika historia yake. Nahodha wa Nicklaus, Sam Snead, hakupendezwa. Mimi niko upande wa Nicklaus, na nilifurahi kuona watani wetu wako huko pia. Jumapili kwenye shimo la 18 mpinzani wangu alikuwa nyuma kwa shimo moja, nami nina mpira wa hatua moja wa kulisawazisha shimo na kuimaliza mechi. Aliuokota mwenyewe akanipa mkononi. Sijui kama ningeukosa, na yeye pia hajui.

Tulipoteza kombe, 11.5 kwa 12.5, na walistahili, maana mechi zao za katikati Jumapili zilikuwa imara mno.

Basi, ningewashauri nani? Anayecheza kwa ajili ya kushusha fahirisi yake asije, maana hapa mpira unaokotwa kabla ya kuingia na matokeo mengi hayajakamilika. Anayeanza asiogope, mradi aombe apangwe na mwenye uzoefu asubuhi ya fosomu. Nahodha naye, akiweza, asiwapange marafiki pamoja. Wale wamekwisha kujuana.