Uzoefu wangu: kusomea uimbaji wa taarabu DCMA, Unguja

Nilijiunga na chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy (DCMA) nikitokea kwenye kasida za madrasa. Sauti nilikuwa nayo, na nia yangu ilikuwa moja: niimbe taarabu na nilipwe. Chuo kilianza mwaka 2002, na enzi zangu tulisomea kwenye jengo la zamani la Forodha, barabara ya Mizingani, mbele ya bahari. Anayetaka kuimba taarabu namwambia aende.

Nilichofaidi zaidi ni masikio. Somo la makamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, tulilianza na ile iitwayo rasti. Mwalimu anapiga udi, ile ala ya nyuzi, wewe unamfuata kwa "aaa" tupu, bila neno hata moja, mpaka uipate noti ya tatu. Noti hiyo kwenye piano haimo, inakaa baina ya vitufe viwili vinavyopakana. Ukiipandisha, ladha ya taarabu inapotea. Ukiishusha sana, umeshatoka kwenye rasti. "Isikilize kwanza, mwanangu, usiikimbilie," alikuwa akiniambia. Siku iliponikaa kooni, hata kasida nilizozizoea tangu utotoni nilizisikia upya.

Pumzi nayo ina mahali pake. Mshororo wa mizani (silabi) 16 una kituo kwenye ya 8, na hapo ndipo pa kuvuta pumzi; ukivuta pengine umelikata neno. Kumeza silabi ya mwisho ni mwiko, maana ndipo kilipo kina. Mama anayeinuka na pesa mkononi kuja kukutunza amelingoja neno hilohilo, pengine ana mtu anayetaka limfikie! Wakati huo nilikuwa nasikiliza sana sahani za santuri za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa zamani aliyerekodi Bombay mwaka 1928, kwa ajili ya matamshi tu.

Halafu kuna kuimba na wapigaji hai, wa kanuni (ala ya nyuzi nyingi), fidla, akodiani na dumbaki (ngoma ndogo). Unajua lini uingie, lini uwaachie ala, na unaweza kutaja ufunguo wako, yaani noti unayoanzia wimbo kulingana na sauti yako, bila kubabaika. Wapigaji wanakuheshimu kwa hilo kuliko kwa uzuri wa sauti.

Kuhusu riziki: hakuna aliyewahi kuniomba cheti. Wananiita kwa kuwa walinisikia mahali. Siti Amina amepitia chuo hiki na akawa na bendi, Siti & the Band, lakini wengi wetu tunaishi kwa harusi na hoteli. Mambo ya mikataba na hakimiliki kayaulize mapema COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, kabla hujarekodi chochote. Na ujue kwamba masika, Aprili na Mei, baadhi ya hoteli hufungwa, na Ramadhani hakuna taarabu. Mimi miezi hiyo nafundisha watoto kuimba majumbani, na akiba naanza kuiweka Desemba, wageni wakiwa wengi.