Wavu wa banda la kuku: pima tundu kabla hujalipa

Vifaranga kumi na saba kwa usiku mmoja. Asubuhi nimekuta kufuli mahali pake, mlango haujaguswa, manyoya mawili matatu yamenasa kwenye wavu. Fundi akachutama, akapenyeza vidole vitatu kwenye tundu, akavizungusha. "Mama, hapa kicheche hapiti tu, anapita na mzigo."

Mnaoniuliza banda la kujijengea linagharimu kiasi gani huwa mnaanza na mbao na ukubwa. Hayo fundi wako anayajua. Mimi nakuuliza tundu la wavu wako lina upana gani, hasa pale chini karibu na ardhi. Ule wavu laini wa matundu ya pembe sita tunaouita wa kuku unamzuia kuku asitoke, basi. Panya anaingia, nyoka anaingia, na kifaranga wa siku tatu anatoka mwenyewe.

Namba moja kwangu ni waya meshi wa nusu inchi, wa matundu ya mraba, uliochomelewa kila makutano, kuanzia chini mpaka kwenye paa. Banda la mita 3 kwa 2 lina mzingo wa mita 10. Mimi niliuziwa shilingi 8,000 kwa mita, upana futi tatu, kwa hiyo mzunguko mmoja ni 80,000 na miwili ni 160,000. Inauma, najua. Piga hesabu ya vifaranga kumi na saba kwanza.

Namba mbili ndiyo niliyoimudu: mzunguko mmoja tu wa waya meshi, futi moja imezikwa ardhini maana nguchiro anachimba, futi mbili zimebaki juu. Juu yake nikarudishia wavu wa zamani. Kama kwenu kuna kanu usiige, yule anapanda.

Wavu wa kuku peke yake unafaa kwa uzio wa mchana. Nyavu chakavu za samaki, hapana.

Kwenye bati za paa sina mjadala, ni za kampuni ya ALAF. Mtasema napendelea, napendelea. Ila soma geji, yaani namba ya unene, iliyoandikwa kwenye bati lenyewe, na kumbuka 30 ni jembamba kuliko 28. Wapo wanaotaja namba kubwa kama sifa.

Na hawa wauzaji! Roli yangu ya kwanza, ile ya kicheche, lebo ilisema mita 30. Nilipobomoa niliitandaza uani pamoja na vipande vyote, nikapima kwa futi ya kupimia ya fundi: mita 26 na ushee. Nikarudi dukani. "Mama, roli ndivyo zinavyokuja siku hizi." Bei nayo mbona haikuja ya 26? Akageukia mteja mwingine. Sasa nanunua kwa mita, nimesimama palepale anapokata, na futi yangu natoka nayo nyumbani.