Kruzi inayofuata gari la mbele na usukani unaoshika leni: uzoefu wangu barabara za Mtwara na Lindi

Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani siku hizi yanakuja na vitufe viwili kwenye usukani ambavyo wenye magari hawavigusi kabisa. Kimoja ni cha kruzi, yaani mfumo unaoshikilia mwendo bila wewe kukanyaga mafuta, ila hii inapima pia umbali wa gari lililo mbele yako; kingine ni cha kushika leni, yaani kulibakiza gari ndani ya mistari ya njia yake. Gari langu la 2018 linavyo vyote, na kazi yangu inanizungusha Mtwara, Lindi na Masasi, mara nyingine hadi Dar es Salaam. Kruzi ninaipenda sana. Ya leni naiwasha kwa kuchagua barabara, na nitaeleza kwa nini.

Kruzi ya zamani unaweka 80, gari linakwenda 80 hata kama mbele kuna lori linatambaa. Hii mpya ina rada nyuma ya nembo ya mbele na kamera juu ya kioo cha mbele. Zipo zinazofanya kazi hiyo kwa kamera tupu, kama Subaru zenye EyeSight, ambazo zina kamera mbili zilizokaa sambamba. Gari la mbele likipunguza mwendo, lako linapunguza pia, likikazana nalo linakazana hadi kufika mwendo uliouweka.

Faida yake utaiona msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba, barabara ya Masasi kupitia Mtama hadi Mnazi Mmoja inajaa malori ya magunia yanayoteremka bandarini Mtwara, na ukichanganya na yale ya saruji, unaweza kukaa nyuma ya semi moja kwa muda mrefu bila nafasi ya kulipita. Zamani nilikuwa nafika nyumbani goti la kulia linauma kwa kukanyaga na kuachia. Sasa gari lenyewe linafuata, linaacha nafasi, nami macho yangu yako mbali zaidi, naangalia nani anakuja upande wa pili na dereva wa lori anawasha taa gani.

Kisha kuna vibao vya 50. Kuanzia Mchinga kwenda juu hadi Nangurukuru vijiji vinafuatana, na trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo anaweza kuwa chini ya mwembe wowote. Naweka 48 kwenye kibao cha kuingia kijijini, naibonyeza kurudi juu kwenye kibao cha kutoka. Faini ipo, lakini kwangu jambo kubwa ni watoto wanaovuka wakitoka shule.

Nilimchukua mama kutoka Lindi, akaniangalia miguu, akauliza, "Mwanangu, mbona hukanyagi kitu na gari linapunguza?" Nikamwambia, "Mama, linaliona lile Fuso mbele." Akashika mkono wa mlango hadi Mingoyo. Alichoniambia baada ya hapo nimekishika: "Basi wewe liangalie hilo gari linavyoangalia." Mama hajawahi kuendesha, lakini wataalamu wanasema hivyo hivyo. Mfumo wa aina hii hauzidi ngazi ya pili katika ngazi za magari kujiendesha (sifuri hadi tano), msimamizi ni dereva muda wote.

Na yapo mambo ambayo mfumo huo hauyaoni. Kwenye kona za Mikindani, pale barabara inapokumbatia ghuba, gari la mbele linatoka kwenye macho ya rada, na lako linadhani njia iko wazi, linaongeza mwendo katikati ya kona. Hapo mimi naizima kabla ya kuingia. Matuta nayo kruzi haiyatambui. Baiskeli isiyo na taa usiku usiitegemee kabisa.

Kubwa kuliko yote ni lori lililoharibika. Rada nyingi hupuuza vitu vilivyosimama, kwa sababu zisipofanya hivyo zingefunga breki kwa kila nguzo na kila kibao. Sisi huku tunajua: ukikuta matawi ya majani yamelazwa kando ya lami, mita kadhaa mbele kuna gari limekatika ekseli, na mara nyingi halina taa hata moja. Kamera haijafundishwa matawi. Mguu wangu unakwenda kwenye breki nikiona jani la kwanza.

Sasa leni. Kamera inasoma mistari ya barabarani, na kwa gari langu inaanza kufanya kazi ukifika kama 60. Palipo na mistari mizuri, usukani unakurekebisha taratibu ukianza kuelea, na ukiachia mikono linapiga kengele. Kwa usingizi wa saa nane mchana ni msaada wa kweli. Shida ni kwamba mistari yetu inakatika. Palipozibwa viraka hakuna mstari, na kipande cha Somanga, ambako mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara Mei 2024, kilinifundisha kutotegemea rangi ya lami.

Lakini kinachonifanya niizime ni waendao kwa miguu na baiskeli. Unamkuta mzee amebeba gunia la mkaa nyuma ya baiskeli, unasogea kulia kumpisha, unagusa mstari wa kati, na usukani unakuvuta urudi kushoto, yaani kumwelekea yeye. Nguvu yake ni ndogo, mkono unaishinda, ila kwa nini nishindane nayo wakati huo? Ukiwasha indiketa inakuachia, na hilo nimelifanya mazoea. Vijijini, hata hivyo, naizima kabisa.

Mambo mawili ya kiufundi. Usifunge ngao ya chuma mbele kabla ya kujua rada iko wapi, maana ikizibwa kruzi haitawaka. Na kioo cha mbele si kioo tu. Changu kilipigwa na jiwe la lori, nikabadilisha, taa ya tahadhari ikawaka. Fundi akasema, "Bosi, hiyo itazima yenyewe." Haikuzima. Kamera ikivuliwa lazima ipimwe upya kwa mashine na ubao wenye alama, na kwangu ilibidi nipeleke gari Dar, ambako kazi hiyo ilizidi bei ya kioo.

Kwa hiyo ukienda kukagua gari la namna hii, tazama kwanza kioo cha mbele, kisha liendeshe barabara yenye mistari uone kama alama ya leni inageuka rangi kwenye dashibodi. Ujumbe wa Kijapani ukibaki unawaka, mwombe muuzaji alipeleke kupimwa kabla hujalipa, au akupunguzie kiasi hicho.